Jinsi ya kusoma galoni, busheli na ekari kwenye sheria na hati za zamani za Marekani

Ukishika sheria ya Marekani ya miaka ya 1790, au wosia, au hati ya shamba, au daftari la forodha la enzi zile, utakutana na majina unayoyajua kabisa: galoni, pauni, futi, ekari, tani. Na kwa sababu majina unayajua, mkono unakimbilia simu, unafungua kikokotoo cha kubadili vipimo, unaandika galoni 500, unapata lita, umemaliza. Usifanye hivo. Kikokotoo kinakupa galoni ya leo, wakati hati inaongelea galoni ya mwaka wake, ya mahali pake, na ya kinywaji kilichokuwa ndani ya pipa. Na tofauti sio ya kupuuza, kwenye galoni inaweza kuzidi moja ya tano, kwenye shamba inaweza kufika mara nne, yaani ekari 20 zikawa 5.

Kabla hujagusa namba yoyote andika pembeni vitu vinne: mwaka wa hati, jimbo au bandari, bidhaa iliyopimwa, na nani alipima (mpima ardhi, afisa wa forodha, mwenye duka, mnada wa mirathi). Ukikosa kimojawapo rudi kwenye hati ukitafute, kwa kawaida kipo, kimejificha kwenye kichwa cha ukurasa au sahihi ya mwisho.

Sasa kwanini mwaka na jimbo vina uzito hivo? Hapa inabidi ujue historia kidogo, manake bila hiyo utapoteza muda kutafuta sheria ambayo haikuwahi kutungwa. Mkataba wa Shirikisho, uliotangulia Katiba, ulioanza kazi 1781, kifungu cha 9, uliipa Kongresi peke yake haki ya kuweka viwango vya mizani na vipimo nchi nzima. Katiba ya 1787 ikarudia jambo hilohilo, Ibara ya 1 Sehemu ya 8, tena kwenye mstari mmoja na mamlaka ya kutengeneza sarafu. Mtu akisoma pale anasema poa, basi Kongresi iliweka kiwango, ngoja nitafute hiyo sheria ya 1790 na kitu. Haipo. Sarafu walizitungia sheria haraka, 1792, ila vipimo walivikalia miaka na miaka.

Na sio kwamba hawakukumbushwa. George Washington alilisema kwenye hotuba yake ya Januari 1790, kwamba fedha, mizani na vipimo kuwa sawa nchi nzima ni jambo kubwa. Thomas Jefferson, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, akapeleka ripoti Julai mwaka huohuo yenye njia mbili: ama wabaki na vipimo walivyovizoea ila vifungwe kwenye urefu wa fimbo ya chuma inayobembea kwa sekunde moja, ama wabadili kila kitu kiende kwa kumi kumi, futi moja inchi 10 na kuendelea. Kamati zikakaa, zikasoma, zikaachia hapo. Hii nakwambia kwa sababu ya vitendo kabisa: ndani ya ile ripoti kuna galoni ya inchi za ujazo 270 na busheli (kipimo cha nafaka na vitu vikavu) ya 2,160, na watu wanazikuta wanazitumia kubadilishia hati. Zile ni pendekezo, hazikuwahi kuwa sheria, usizitumie popote.

Kuna kisa kimoja nakipenda sana hapa katikati. Mwaka 1794 Ufaransa ilimtuma Joseph Dombey, mtaalamu wa mimea, aende Marekani na sampuli za vipimo vipya vya Kifaransa, kipande cha shaba cha urefu wa mita na jiwe la mizani ambalo baadaye ndo tunaliita kilo. Meli yake ikakamatwa kwenye bahari ya Karibi, yeye akafungwa Montserrat na akafia hukohuko. Vile vipande havikumfikia Jefferson. Siwezi kusema vingefika mambo yangebadilika, Kongresi ilikuwa na uzito wake wenyewe, ila ni picha nzuri ya jinsi jambo hili lilivyokuwa likikwama.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: hati ya kabla ya miaka ya 1830 inapimwa kwa vipimo vya jimbo lake, na majimbo karibu yote ya mwanzo yalirithi vipimo vya Uingereza vya kabla ya 1776. Rudia kichwani, vya KABLA. Uingereza wenyewe walibadilisha vyao kwa sheria ya 1824 iliyoanza kutumika 1826, wakaleta galoni mpya kubwa ya lita 4.546 hivi, na Marekani hawakuifuata. Ukiona kitabu cha Kiingereza cha karne ya 19 kinatoa jedwali la "galoni" bila maelezo, huenda ni hiyo mpya, na kwa hati ya Philadelphia au Baltimore itakupoteza.

Kanuni ya pili ni dirisha la 1830 mpaka 1838, na hapa naomba uniruhusu nikae kidogo kwa sababu ndo sehemu tamu kuliko zote. Katiba inasema ushuru lazima uwe sawa nchi nzima. Sheria ya ushuru ya 1789 ilitoza chumvi senti 6 kwa busheli. Sasa kama busheli ya forodha moja ni kubwa kuliko ya bandari nyingine, senti ni zilezile ila ushuru sio sawa, na Katiba imevunjwa bila mtu kuiba hata punje. Mwaka 1799 Kongresi ikatunga sheria kwamba wakaguzi wa bandari wajaribu mizani na vipimo vya forodha mara mbili kwa mwaka wakilinganisha na viwango vitakavyotolewa. Viwango gani? Hakuna aliyekuwa amevichagua, kwa hiyo ile sheria ikabaki kwenye karatasi kwa zaidi ya miaka 30. John Quincy Adams akaandika ripoti nene sana 1821, alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wakati huo, akausifia mfumo wa Kifaransa halafu akashauri wasibadilishe kitu kwa haraka, wavifunge vile walivyonavyo kwanza. Mi naona alikuwa sahihi kwa wakati ule, kwa sababu huwezi kuwabadilishia watu kipimo ambacho hata hujui kina ukubwa gani.

Ndipo Mei 1830 Seneti ikaagiza Wizara ya Fedha ilinganishe vipimo vya forodha zote kuu. Kazi akapewa Ferdinand Rudolph Hassler, mzaliwa wa Uswisi, mpima pwani. Huyu mzee anastahili kujulikana zaidi ya anavyojulikana. Alikusanya mizani na vibaba vya bandari mbalimbali, akakuta tofauti kubwa kati ya forodha na forodha, japo ukichukua wastani unakaribia vipimo vya Uingereza ya kabla ya mapinduzi. Halafu ilibidi achague kitu cha kushikilia. Kwa yadi alitumia fimbo iliyotengenezwa na Troughton wa London, ina inchi 82, na yadi yenyewe ni ule umbali kati ya mstari wa inchi ya 27 na wa inchi ya 63, ikiwa na joto la digrii 62 za Fahrenheit. Kwa pauni alianzia kwenye jiwe la troi (pauni ya kupimia dhahabu na fedha) la Philadelphia ambalo Albert Gallatin alilipata London 1827 na Kongresi ikalikubali 1828 kwa ajili ya kutengeneza sarafu tu. Kwa galoni akachukua ile ya mvinyo, inchi za ujazo 231. Kwa busheli akachukua ya Winchester, inchi za ujazo 2,150.42.

Wizara ya Fedha ikavikubali kwa matumizi ya forodha. Juni 14, 1836 Kongresi ikapitisha azimio kwamba kila gavana apelekewe seti kamili ya vipimo hivyo, na 1838 wakaongeza mizani ya kupimia. Angalia vizuri: azimio halikusema "hiki ndicho kipimo cha nchi", lilisema wapelekewe. Majimbo yenyewe ndo yalivipokea kwa sheria zao, kila moja kwa wakati wake. Kwa hati ya baada ya 1836 kazi yako ni kutafuta sheria ya jimbo husika inayopokea vipimo vile, na tarehe ya hiyo sheria ndo mpaka wako.

Haya, twende kwenye bidhaa moja moja.

Vimiminika. Kuna galoni mbili za zamani. Ya mvinyo ina inchi za ujazo 231, sawa na lita 3.785, na ndo galoni ya Marekani mpaka leo. Ya bia ina 282, sawa na lita 4.62. Kwa hati ya kabla ya miaka ya 1830 jiulize ndani kulikuwa na nini. Ramu, wiski, mvinyo, molasi: tumia 231. Bia: angalia kwanza kama jimbo lilikuwa bado na galoni ya bia, manake galoni 500 za ramu ni kama lita 1,890 na galoni 500 za bia kwa kipimo chake ni lita 2,310, hapo umeshazidisha au umepunguza mapipa kadhaa. Kuhusu wiski kuna jambo la ziada. Ushuru wa 1791 ulipangwa kwa galoni na kwa ukali wa pombe, kuanzia senti 9 mpaka 25 kwa ile iliyotengenezwa na mazao ya ndani, na ukali ulipimwa kwa kifaa cha kuelea kinachoitwa haidromita ya Dicas. Kwa hiyo ukiona daftari la ushuru lina safu mbili za galoni usijumlishe kabla hujajua kila safu ni daraja gani.

Nafaka. Busheli ya Winchester ni chombo cha duara, upana inchi 18 na nusu, kina inchi 8. Fanya hesabu mwenyewe, ni nzuri kuijua: nusu ya upana ni 9.25, izidishe yenyewe unapata 85.5625, zidisha kwa 3.14159 halafu kwa 8, inakuja 2,150.42. Ndo maana ile namba ina desimali za ajabu, haikutoka kwenye fomula ya mtu ofisini, imetoka kwenye umbo la chombo. Kwa lita ni 35.24.

Ila chombo pekee hakitoshi, inabidi ujue kilijazwaje. Ngano na mahindi vilipimwa kwa mfuto, yaani fimbo inapita juu ya mdomo na kinachozidi kinaanguka. Vitu kama viazi, tufaha na makaa mara nyingi vilipimwa kwa kilele, vikalundikwa mpaka vinakaribia kumwagika, na sheria za majimbo mengine zilisema wazi kipi ni cha kilele na kipi ni cha mfuto. Kilele kinaongeza kiasi kikubwa tu, kwa hiyo ukiona busheli za viazi usitoe lita mpaka uisome sheria ya jimbo.

Halafu kadiri miaka inavyoenda busheli inaacha kuwa chombo inakuwa uzito. Majimbo yakaanza kutunga sheria kwamba busheli ya ngano ni pauni 60, ya mahindi ni pauni 56 sehemu nyingi, na kwa shayiri na mazao mengine kila jimbo na namba yake. Hati ya namna hiyo usiigeuze iwe lita kabisa, igeuze iwe kilo: busheli 40 za ngano kwa pauni 60 ni pauni 2,400, kama kilo 1,089. Na mapipa pia yalikuwa hivo, pipa la unga ni pauni 196, la nyama ya nguruwe au ya ng'ombe ya chumvi ni pauni 200, kwa hiyo ukikuta "mapipa 10 ya unga" kwenye orodha ya mzigo unahesabu uzito, sio ujazo wa pipa.

Uzito. Pauni ziko mbili na zote ziko hai kwenye hati moja. Ya kawaida, ile ya avadupoizi, ina greni (kipimo kidogo kabisa cha uzito) 7,000, ni gramu 453.6. Ya troi ina greni 5,760, ni gramu 373.2, na hiyo ni ya dhahabu na madini ya fedha. Greni yenyewe ni moja kwa zote mbili, na hiki ndo kitu cha kukushika mkono: ukichanganyikiwa, shuka mpaka kwenye greni halafu panda tena. Sheria ya sarafu ya 1792 imeandikwa kwa greni ndo maana haikuhitaji kusubiri ugomvi wa pauni, dola ilikuwa na greni 371 na robo za fedha safi, sawa na gramu 24.06. Kwenye orodha ya mirathi ukiona vijiko vya fedha kwa aunsi, hiyo ni aunsi ya troi, gramu 31.1. Siagi kwenye orodha hiyohiyo ni aunsi ya gramu 28.35. Usishangae, ilikuwa kawaida.

Tani na handredi weiti ndo wanapopotea hata waliosoma. Kwa desturi ya Kiingereza handredi weiti sio pauni 100, ni 112, na tani ni handredi weiti 20, yaani pauni 2,240, kama kilo 1,016. Forodha za Marekani zilishika hiyo. Wafanyabiashara na majimbo taratibu wakahamia 100 na 2,000, ambayo ni kilo 907. Kwa chuma au makaa yaliyopita bandarini anza na 2,240. Na usiache kutafuta ushahidi ndani ya hati yenyewe: kama mzigo umeandikwa kwa safu tatu, handredi weiti, robo na pauni, pitia safu ya mwisho. Robo ya 112 ni 28, robo ya 100 ni 25. Ukikuta pauni 25, 26 au 27 kwenye safu hiyo umeshajua ni ile ya 112, kwa sababu kwenye ile nyingine 25 ingeshakuwa robo nzima.

Ardhi. Hapa tulia. Utakuta maneno "rod", "pole" na "perch", yote ni kitu kimoja, futi 16 na nusu. Mnyororo wa Gunter ni rodi 4, futi 66, una pingili 100, na uzuri wake ni kwamba minyororo ya mraba 10 inatoa ekari moja kamili, na minyororo 80 ni maili. Agizo la Ardhi la 1785 liliigawa nchi ya magharibi kuwa miraba ya maili 6 kwa 6, ndani yake viwanja 36 vya ekari 640 kila kimoja. Mpaka hapo hesabu ni rahisi.

Mtego upo kwenye sheria ya Mei 1796. Hiyo iliagiza mnyororo wa rodi MBILI, futi 33, rodi moja pingili 25, na ulinganishwe na kiwango kilichotunzwa kwa kazi hiyo. Mnyororo mfupi ulifaa kwenye msitu na milima, ila jina lake ni lilelile, mnyororo. Shamba la minyororo 20 kwa 10 kwa mnyororo mrefu ni ekari 20. Kwa mnyororo mfupi ni futi 660 kwa 330, ekari 5. Utajuaje ni upi? Soma pingili. Mnyororo mfupi una pingili 50 tu, kwa hiyo kwenye daftari lake huwezi kukuta "minyororo 12 na pingili 73", ingeshaandikwa 13 na 23. Ukiona pingili zimefika 50 au zaidi hata mara moja kwenye daftari, ni mnyororo mrefu. Zikiwa zote ziko chini ya 50 kurasa nyingi mfululizo, ushuku mfupi, halafu hakikisha kwa kulinganisha na ekari zilizotajwa mwishoni.

Pennsylvania ina lake pia, upimaji wa pale uliacha asilimia 6 ya nyongeza kwa ajili ya barabara, kwa hiyo hati ya ekari 100 "pamoja na nyongeza" inaweza kuwa na ekari 106 ardhini. Ukipima ramani ukapata 106 usiseme mpima aliiba.

Na kama hati inatoka Louisiana, Missouri, Texas au California acha mnyororo kabisa kwanza. Louisiana iliponunuliwa 1803 ilikuja na arpenti ya Kifaransa, ambayo kwa urefu ni kama futi 192 na kwa eneo ni kama ekari 0.85, jina moja kazi mbili, kwa hiyo angalia sentensi inaongelea mto (urefu wa kingo) au shamba. Texas walitumia vara ya Kihispania, inchi 33 na theluthi moja, na viwanja vya vara milioni moja za mraba, ambavyo ni ekari 177 hivi. California vara yao ni fupi kidogo, inchi 33. Hizi hati ziliheshimiwa na mahakama kwa vipimo vyake vya awali, usizilazimishe ziwe ekari kwenye nakala yako.

Kwa hati za baada ya Aprili 1893 mambo ni mepesi, kuanzia hapo yadi na pauni za Marekani zilifafanuliwa kwa kutumia mita na kilo, mita moja ikiwa inchi 39.37, na 1959 yadi ikawekwa mita 0.9144 kamili. Tofauti ya hizo mbili ni ndogo mno, kwenye shamba la kawaida haionekani.

Ukishapata jibu, liandike hivi: kwanza kipimo cha hati kama kilivyo, halafu umekichukulia kuwa kipi, halafu thamani ya leo iliyokadiriwa. Mfano: "galoni 500 za ramu, galoni ya inchi 231, kama lita 1,890". Usiandike lita 1,892.71, hizo desimali hakuna afisa wa forodha wa mwaka 1805 aliyekuwa nazo, na Hassler mwenyewe alikuta vyombo vyao havilingani. Na kama umetafuta mwaka, jimbo, bidhaa na mpimaji bado huwezi kuamua kati ya viwili, weka namba zote mbili na sema kila moja inatokana na kipimo gani, msomaji anayejua zaidi kuhusu jimbo hilo atachagua.